Albamu si Shajara: Namtetea Adele mbele ya Wapenzi Wake

Kila panapozungumzwa muziki wa Adele, mwimbaji wa Kiingereza aliyezaliwa Tottenham, London, tarehe 5 Mei 1988, husimuliwa hadithi moja tu. Albamu ya kwanza, tunaambiwa, ni kijana aliyemvunja moyo. Ya pili ni mwanamume mwingine aliyemwacha akaenda kuposa kwengine. Ya tatu ni mtoto na nyumba. Ya nne ni talaka. Hesabu imekwisha: mwanamke amekua, nasi tumemwelewa. Hadithi hii ni fupi, nyepesi kubebeka, na inauza magazeti. Nadai kwamba ni hadithi ya uongo. Na nadai zaidi ya hapo, kuwa wale wanaoisimulia kwa mapenzi wanamdhulumu bibi huyu kuliko wale wasiompenda kabisa.

Wasiompenda husema nyimbo zake ni za kilio, wakazima redio, wakaenda zao. Huo ni uamuzi wa masikio yao, na masikio ya mtu hayashitakiwi. Lakini wapenzi wake, wakiwamo waandishi wenye majina makubwa, wamemfanyia jambo baya zaidi: wamemgeuza kuwa shahidi wa maisha yake mwenyewe. Kila ubeti wameuulizia jina la mtu, kila kiitikio wamekiulizia tarehe. Wakishapata jina na tarehe, huona kazi ya uhakiki imekamilika. Kwao, albamu ni shajara yenye ala za muziki, na kukua kwa mwimbaji ni kuongezeka kwa mikasa.

Nawaomba wapenzi wa ushairi, ambao ndio wenyewe wa kurasa hizi, wawe mahakimu wa shauri hili. Linawahusu moja kwa moja. Tukikubali kwamba ukubwa wa msanii hupimwa kwa yaliyompata, basi hatuna tena haja ya kusoma diwani yoyote. Tutasoma taarifa za mahakama na orodha za mazishi, zitutoshe.

Tuanze na majina ya albamu zenyewe, kwani hapo ndipo wengi wanapoteleza. Adele ametoa albamu nne alizozipa majina ya tarakimu: 19, 21, 25 na 30. Watu huzisoma tarakimu hizo kana kwamba ni vyeti vya kuzaliwa. Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji, ufanye hesabu ya darasa la pili. Albamu ya 19 ilitoka Januari 2008, naye alikuwa na miaka 19 kweli. Albamu ya 21 ilitoka Januari 2011, naye alikuwa na miaka 22. Albamu ya 25 ilitoka Novemba 2015, naye alikuwa na miaka 27. Albamu ya 30 ilitoka Novemba 2021, naye alikuwa na miaka 33. Tofauti baina ya jina la albamu na umri wake siku ilipotoka ni sifuri, kisha 1, kisha 2, kisha 3.

Sisemi kwamba alipanga hivyo. Zipo sababu za kawaida kabisa. Novemba 2011 alipasuliwa koo huko Boston baada ya nyuzi za sauti kuvuja damu. Oktoba 2012 alijifungua mtoto. Albamu ya 30 ilicheleweshwa na maradhi ya korona. Lakini sanaa haijali sababu ya kuchelewa; hujali namna muda ule ulivyotumika. Tarakimu iliyo juu ya jalada hutaja umri wa jambo. Tarehe ya kutoka hutaja umri wa wimbo. Baina ya viwili hivyo pana nafasi, na nafasi hiyo, kutoka albamu hadi albamu, inapanuka. Shajara haina nafasi kama hiyo. Shajara huandikwa usiku uleule, na machozi hayajakauka. Mtu anayekaa na jambo miaka mitatu kabla ya kulitoa hadharani si mwandika shajara. Ni mtunzi, na anafanya kile ambacho kila mtunzi wa kweli hukifanya: huliacha jambo lipoe mpaka liweze kushikika kwa mkono.

Hapo basi ndipo ninapoyaona makuzi yake. Wengine wanahesabu wanaume. Mimi nahesabu umbali baina ya jeraha na neno.

Hatua ya pili ni kusikiliza anayesemeshwa, na anayeshitakiwa. Katika 19, msemaji wa nyimbo ni kijana anayeuliza. Wimbo wake wa Hometown Glory, alioutunga akiwa na miaka 16, ni sifa ya mji wake, London, kwa jicho la mtu ambaye hajataka kuondoka. Chasing Pavements ni swali kutoka mwanzo hadi mwisho: niendelee au niache? Kijana huyo hajamshitaki mtu kwa sababu bado hajajua kosa liko wapi. Mapenzi kwake ni kama upepo wa kusi: yanakuja, yanapita, nawe unabaki umesimama ufukweni ukiangalia matanga ya wengine.

Katika 21 mahakama imefunguliwa. Albamu inaanza na Rolling in the Deep, aliyoitunga pamoja na Paul Epworth, nayo ni hati ya mashitaka: wewe ulifanya hili, wewe ulipoteza lile, wewe utajuta. Ngoma inapiga kama nyayo za mtu anayekuja mlangoni. Waandishi wengi wamekomea hapo, wakaita 21 kuwa ni albamu ya hasira. Laiti wangeisikiliza mpaka mwisho. Albamu ileile inafungwa na Someone Like You, aliyoitunga na Dan Wilson, ambamo hamna ngoma wala gitaa, ila piano na sauti. Mwanamke yuleyule aliyekuwa akishitaki anakwenda bila kualikwa kwa yule aliyemwacha, anamkuta ana maisha mapya, na anamtakia heri. Baina ya wimbo wa 1 na wimbo wa 11 pana safari nzima. Februari 2011 aliuimba wimbo huo wa mwisho katika sherehe ya tuzo za Brit, London, akiwa amesimama peke yake na mpiga piano. Hapakuwa na wachezaji wala moshi wa jukwaani, na ukumbi ukanyamaza. Ulinyamaza kwa kuwa watu walisikia mtu akishuka kutoka kwenye kiti cha hakimu mbele ya macho yao. Jina la mwanamume hawakulijua wala hawakulihitaji.

Anayeitazama 21 kama shajara ya kuachwa hawezi kuueleza mpangilio huo. Katika maisha, hasira na heri havipangwi. Huja kwa zamu, huchanganyika, hurudi. Aliyevipanga kimoja kiwe mlango na kingine kiwe kituo ni msanii. Nasi tunaojua diwani tunajua kwamba kupanga ni nusu ya kutunga.

Hoja hii ya mpangilio mwenyewe aliithibitisha kwa kitendo. Novemba 2021, ilipotoka 30, kampuni ya Spotify iliondoa katika kurasa za albamu kitufe kikuu kilichokuwa kikichanganya nyimbo ovyo, na ilisema wazi kuwa ilifanya hivyo kwa ombi lake. Fikiria: mwimbaji wa pop, aliyeambiwa kuwa anauza machozi, anatumia nguvu zake zote za kibiashara kudai jambo moja dogo, yaani nyimbo zisikilizwe kwa utaratibu aliouweka. Watunzi wetu wangapi wamewahi kumwambia mchapishaji kwamba shairi la 5 lisisomwe kabla ya la 4? Huyo ni mtu aliyeiona albamu kuwa ni kitabu.

Sasa nitasema jambo ambalo wapenzi wake hawatalifurahia, maana kumtetea msanii hakulazimu kumsifu kila mahali. Albamu ya 25 ni dhaifu kuliko zilizoitangulia na iliyoifuatia. Kabla haijatoka, Oktoba 2015, aliandika waraka wa wazi kwa wasikilizaji akieleza kwamba ile ya kabla ilikuwa albamu ya kuachana na hii ni ya kupatana: kupatana na nafsi yake na kufidia muda uliopotea. Nia ni njema. Lakini sikiliza When We Were Young, sikiliza Million Years Ago: mwanamke wa miaka ishirini na kitu anaulilia ujana wake kama bibi kizee aliyekaa barazani. Hello inaomba radhi kwa ukarimu mkubwa, ila haielezi kosa. Radhi bila kosa ni barua bila anwani; inakwenda kwa kila mtu, kwa hiyo haimfikii yeyote. Mahakama ya 21 imefungwa, hakimu ameshuka, lakini hajapata kazi nyengine ya kufanya. Anatazama nyuma kwa sababu mbele hapajaonekana.

Na tazama dunia ilivyoipokea. Katika wiki ya kwanza 25 iliuza nakala milioni 3.38 huko Marekani peke yake, ikaivunja rekodi ya nakala milioni 2.4 iliyowekwa na kundi la *NSYNC mwaka 2000. Februari 2017 ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Lau mauzo na tuzo vingekuwa vipimo vya ukubwa, tungelazimika kusema kwamba Adele alikua kuliko wakati wowote pale alipokuwa amesimama. Mwenyewe hakudanganyika. Akiwa juu ya jukwaa, tuzo mkononi, aliiambia hadhara kuwa albamu iliyomgusa mno mwaka ule ilikuwa Lemonade ya Beyoncé. Wengi waliliona hilo kuwa ni adabu tu. Naliona kuwa ni uhakiki, na ulikuwa uhakiki sahihi: Lemonade ilikuwa imethubutu kuijenga upya albamu nzima kwa ajili ya jambo ililotaka kulisema, ilhali 25 ilikuwa imelipaka jambo jipya rangi ya nyumba ya zamani.

Soko halipendi mtu akue. Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Soko lilimpenda binti wa miaka 21 aliyeachwa, likamtaka aachwe tena na tena, na mapenzi hayo yaliyojaa fedha ni mapenzi ya mtu anayemfungia ndege tunduni kwa sababu anausifu mlio wake. Mwaka 2020, kabla hajatoa wimbo wowote mpya, mwili wake ulipopungua, magazeti na mashabiki walijadili kilo zake wiki baada ya wiki. Wako waliolalamika waziwazi kuwa amewasaliti. Amewasaliti katika nini? Wao walidhani wana hisa katika unene wake, kama walivyodhani wana hisa katika huzuni yake. Haya ni matunda ya kuisoma albamu kama shajara: ukishaamini kwamba nyimbo ni maisha ya mtu, utaamini vilevile kwamba ulipozinunua nyimbo ulimnunua na mwenyewe.

Kisha ikaja 30. Hapa nawaomba mahakimu wangu wasogeze viti.

Ndoa yake ilitangazwa kuvunjika mwaka 2019, na talaka ikakamilika 2021. Hadithi ya kawaida ilikuwa tayari imeshaandikwa kabla nyimbo hazijasikika: mwanamume wa tatu, jeraha la tatu, mashitaka ya tatu. Albamu ilipofunguliwa, mshitakiwa hakuwamo. Mume, ambaye kwa desturi ya nyimbo za namna hii angeburutwa barazani, hajasutwa. Anayesemeshwa ni mtoto. Adele mwenyewe alieleza kuwa alitaka mwanawe, atakapokuwa mtu mzima, aisikilize albamu hii apate kuelewa mama yake ni nani na kwa nini aliivunja nyumba kwa hiari yake. Katika My Little Love ameingiza sauti za mazungumzo ya kweli baina yake na mtoto, na sauti yake mwenyewe akikiri hofu na upweke. Katika Easy on Me anaomba asihukumiwe kwa ukali. Aliyekuwa mwendesha mashitaka katika 21 sasa yuko kizimbani, na hakimu ni mtoto ambaye hajajua kusoma hati.

Yuko atakayedakia: si ndiyo hiyo shajara uliyoikataa? Sauti za kweli, mtoto wa kweli, talaka ya kweli! La hasha. Shajara humwambia mwenye nayo. Wimbo huu umeelekezwa kwa msikilizaji ambaye bado hajafika, atakayekuja baada ya miaka ishirini. Huo ni wosia. Na sisi watu wa visiwa na mwambao ndio wa mwisho kusamehewa tukishindwa kuutambua wosia tukiusikia. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, takriban mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi ambao hadi leo tunausoma. Yaliyomo ndani yake ni mbali mno na yaliyomo katika 30: yule wa Pate anamfundisha binti namna ya kukaa na mume, huyu wa London anamweleza mwana kwa nini hakukaa naye. Sitaki kuwalinganisha kwa maadili, seuze kwa dini. Nalinganisha jambo moja tu, nalo ni la ufundi: mama anayejua kuwa mtoto hataelewa leo, anaamua kusema leo ili aeleweke kesho. Hakuna anayeusoma utendi wa Mwana Kupona akauliza mumewe alikuwa na makosa gani. Tunaisikia sauti ya mama, tunanyamaza. Kwa nini basi tunyamaze Pate, tukipiga umbea London?

Katika 30 umbo lenyewe limebadilika kufuata kazi mpya. Nyimbo kadhaa zinapita dakika sita, muda ambao redio hauupendi. To Be Loved, aliyoitunga na Tobias Jesso Jr., inakwenda karibu dakika saba kwa piano na sauti tu, na sauti inafika mahali inapasuka, naye ameuacha mpasuko ule ubaki. Msikilizaji ailinganishe na Someone Like You, maana ala ni zilezile. Katika ule wa 2011 sauti imesimama wima, inamtakia mwengine heri. Katika huu wa 2021 sauti imeinama, inaeleza gharama ya kupenda na kupendwa, na gharama hiyo haimdai mwengine yeyote. Msemaji anajilipia mwenyewe. Miaka kumi imepita baina ya nyimbo mbili, na kilichobadilika ni nani anayebeba mzigo.

Wahenga wetu walikwisha kusema: ukubwa ni jaa. Mkubwa ndiye anayetupiwa taka za wote, na hana pa kuzitupa. Msemaji wa 19 hajui taka ziko wapi. Msemaji wa 21 anazirudisha mlangoni kwa aliyezileta. Msemaji wa 25 anasema nisameheni kwa harufu. Msemaji wa 30 anakubali kuwa jaa, kisha anasimama mbele ya mwanawe na kumwambia: hizi ni zangu, wewe si sababu yake. Haya ndiyo makuzi, na hayahitaji jina la mwanamume hata mmoja ili yaeleweke.

Nimesikia pingamizi mbili ambazo ni za haki, na nitazijibu kwa haki.

Ya kwanza ni kwamba Adele hatungi peke yake. Kila albamu ina watunzi wenziwe: Epworth na Wilson na Ryan Tedder katika 21, Greg Kurstin katika 25 na 30, Inflo katika 30. Tutasemaje basi kuhusu makuzi ya nafsi moja, ilhali maneno yana wazazi wengi? Pingamizi hili lingekuwa zito Ulaya, ambako watu wamezoea kuamini kuwa wimbo wa kweli lazima utoke katika kifua kimoja. Kwetu halina uzito huo. Katika taarabu ya Unguja mshairi ni mwengine, mtia muziki ni mwengine, na mwimbaji ni mwengine. Hatujawahi kusema kwamba kwa ajili hiyo mwimbaji hana nafsi. Tunajua kuwa kuchagua cha kuimba, na namna ya kukiimba, ni utunzi. Tena pingamizi hili, likichunguzwa, linanisaidia: ikiwa albamu imejengwa na mikono mingi, kwa miezi na miaka, basi haiwezi kuwa shajara. Nani aliyewahi kuiandika shajara yake na kamati?

Ya pili ni ya wapenzi wa ushairi wenyewe. Wanasema: maneno ya nyimbo hizi yakiandikwa juu ya karatasi ni mepesi, hayana mizani ya kuhesabika wala vina vya kujivunia, na tamathali zake ni moto, mvua na mto, ambazo zimeshachakaa. Nakubali. Anayetafuta ndani ya Adele kile anachokipata kwa Muyaka bin Haji atarudi na kapu tupu. Lakini wimbo hauandikwi ili usomwe kimya. Neno jepesi katika sauti yake hupata uzito kwa pale anapovuta pumzi, anaposhuka, anapokataa kupanda ilhali sikio linangoja apande. Katika 21 hupanda kila anapoweza. Ni kijana mwenye nguvu, anataka tuzione. Katika 30 mara nyingi hubaki chini, huzungumza, hunong'ona, na akipanda huwa ana sababu. Koo lile limepita kwenye kisu cha daktari tangu 2011, na mwenye koo amejua kwamba sauti ni amana inayoweza kuondoka. Msikilizaji wa ushairi anayejua thamani ya kituo mwishoni mwa mshororo hawezi kudai kuwa hili si ushairi. Anaweza kudai tu kuwa si ushairi wa karatasi.

Sasa kwa nini mtu wa kisiwani ajisumbue kumtetea mwanamke wa Tottenham, mwenye fedha na mawakili, ambaye kuanzia Novemba 2022 hadi Novemba 2024 alijaza ukumbi Las Vegas wikiendi baada ya wikiendi bila ya msaada wetu? Kwa sababu ugonjwa ninaousema hauko London peke yake. Uko hapa, nyumbani, na umekaa muda mrefu. Mwanamke wa kwetu akiimba, swali la kwanza ukumbini ni moja: kamwimbia nani? Wimbo haujafika kiitikio, jina limeshapatikana, na jina likishapatikana hakuna anayesikiliza tena. Taarabu ya mipasho imelisha tabia hiyo mpaka imenenepa, kiasi kwamba mwimbaji anayetaka kusema jambo lisilo na mlengwa huonekana hana la kusema.

Mwanamume hatumfanyii hivyo. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, akaweka umri wake juu ya jalada kama Adele anavyouweka wake. Tulikisoma kitabu kile kwa heshima, kama kazi ya mtu anayeyatafakari maisha. Hatukukisoma kwa tochi, tukitafuta nani kamkosea nani. Muyaka alitunga ya mapenzi na ya vita, na tunayasifu mapenzi yake kwa ufundi wake. Lakini Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akawa sauti ya kwanza ya mwanamke wa pwani hii kuvuka bahari katika sahani ya muziki, tunayajua maisha yake, umasikini wake na umaarufu wake kuliko tunavyozijua nyimbo zake moja moja. Santuri za zama zile zilibeba wimbo mmoja mmoja kila upande. Hazikumpa nafasi ya kupanga kitabu kizima cha nafsi yake. Adele amepewa nafasi hiyo mara nne. Kuona amepewa nafasi, ameitumia, kisha tukamsoma kana kwamba hakuitumia, huo ni uvivu unaojifanya mapenzi.

Nawaambia basi wapenzi wa Adele walioko baina yetu, na ni wengi, hasa vijana wanaojua kila neno la kila wimbo: mkitaka kumheshimu, acheni kumuulizia wanaume wake. Chukueni albamu nne, zipangeni kwa utaratibu wake, msizichanganye. Ulizeni katika kila moja: nani anasemeshwa? Nani anabeba lawama? Sauti inapanda kwa sababu gani, na inakaa chini kwa sababu gani? Ni miaka mingapi imepita tangu jambo hadi wimbo? Mkishajibu hayo, ndipo mje mtwambie kama amekua.

Na wapenzi wa ushairi wanaoyadharau mambo haya yote, wakayaita makelele ya watoto, nao nina neno lao. Maswali hayo manne ndiyo maswali ya diwani yoyote, ya zamani na ya sasa, ya mwanamume na ya mwanamke. Mtu anayeyauliza mbele ya Muyaka akayasahau mbele ya mwanamke mwenye maikrofoni, tatizo lake haliko katika muziki wa pop. Liko katika usikivu wake, na hilo hakuna albamu iwezayo kumtibu.